Mteremko tunaulipia, mlima je?

MTU aliyekulia Ulyankulu, Katumba au Mishamo anaijua baiskeli kama mnyama mpole. Kule Tanzania, katika nchi ya tambarare na misitu ya miombo, baiskeli moja ilibeba gunia la mahindi asubuhi, mama na mtoto mchana, na jioni ikampeleka baba kuwasalimu jamaa kijiji cha pili. Ilidai tairi lenye upepo na cheni iliyotiwa mafuta, basi. Ndiyo maana wengi wetu tuliokuwa wakimbizi wa mwaka 1972, au watoto wao, tuliporejea Burundi katika misafara ya mwaka 2008 na 2009, baiskeli tulizifunga juu ya mizigo kama mali ya kwanza. Waliorejea baadaye kutoka Nyarugusu na Nduta walifanya vivyo hivyo.

Kisha tukaikuta milima.

Burundi ni nchi ndogo, lakini imekunjwakunjwa kama shuka. Kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika, ulio kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, ardhi inainuka ghafla hadi vilele vinavyozidi mita 2,000, na umbali wenyewe ni mfupi. Baiskeli ile ile iliyokuwa mpole kule Tabora huku inageuka punda mkaidi. Hata hivyo hakuna aliyeitupa. Kwa Kirundi tunaiita ikinga, na uhaba wa mafuta ulioikumba nchi, hasa mwaka 2024, uliwakumbusha hata wenye magari kwamba chombo hiki hakisubiri foleni ya petroli.

Makala haya yanahusu kupanda mlima kwa baiskeli: nguvu inayotakiwa, hatari iliyomo, na zaidi ya yote, nani anayeilipia kazi hiyo. Nawaandikia waliorejea ambao sasa wanaishi kwa baiskeli, na wafanyabiashara wa mipakani ambao mizigo yao hupita mgongoni mwa vijana hao.

Barabara ya Bugarama

Mfano mzuri kuliko yote ni barabara kuu namba 1, inayotoka Bujumbura kwenda Bugarama, ikaendelea hadi Kayanza na mpaka wa Rwanda. Kutoka mjini hadi Bugarama ni kama kilometa 35. Katika umbali huo barabara inapanda karibu mita 1,400, kona baada ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili.

Wapenzi wa mashindano ya baiskeli ya Ufaransa wanautaja kwa heshima mlima wa Alpe d'Huez, wenye kona 21 na kilometa karibu 14. Mlima ule ni mkali zaidi kwa kila kilometa, lakini unampandisha mtu mita 1,100 tu hivi. Kijana wetu wa Bugarama anapanda zaidi ya hapo, na hakuna anayempigia makofi kando ya barabara.

Kazi yenyewe inajulikana. Alfajiri vijana wanashuka na mikungu ya ndizi iliyofungwa kwenye keria, pengine kilo 100 au zaidi, kwenda kwenye masoko ya Bujumbura. Wakiisha kuuza, baiskeli lazima irudi juu. Wengine hurudi mikono mitupu, wengine na dumu la mawese ya Imbo, ndagala wa ziwani au mfuko wa chumvi. Na hapo ndipo penye mambo. Wengi hawapandi kwa miguu yao. Wanadandia malori.

Kabla hatujawalaumu, tupige hesabu.

Hesabu ya darasani

Ninafundisha hisabati. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye baba yake hufanya kazi hiyo, aliwahi kuniuliza: “Mwalimu, kwa nini baba anashuka mlima amekaa juu ya baiskeli na mzigo wote, lakini akipanda na mzigo mdogo kuliko ule anatembea na kusukuma? Si ni mwanaume yule yule?”

Wenzake walicheka. Mimi niliona swali ni zuri, tukaileta baiskeli uani. Tulihesabu meno ya gia kubwa ya mbele, yakawa 44. Gia ya nyuma ilikuwa na meno 18. Gurudumu tulilizungushia kamba, tukapata mita 2.2. Maana yake, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na nusu hivi, na baiskeli inasogea mita 5.4.

Halafu tukapima mkono wa pedali: sentimeta 17. Basi mguu, katika mzunguko mmoja, unasafiri mita moja na kidogo. Mguu unakwenda mita moja, baiskeli inakwenda mita tano. Penye tambarare hiyo ni faida tupu. Penye mlima ni deni, kwa sababu unachokipata kwa umbali unakilipa kwa nguvu, mara tano.

Tuchukue mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 70. Jumla kilo 155. Tuchukue na kipande cha mlima chenye mwinamo wa asilimia 10, yaani kila ukienda mita 100 unainuka mita 10. Mwinamo huo unaivuta baiskeli kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 15 na nusu. Zidisha kwa tano. Pedali inadai mkanyago wa kilo 78, tena huo ni wastani, maana mguu hausukumi sawasawa mzunguko mzima.

Mtu mwenyewe ana kilo 65. Hata akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali, baiskeli haitapanda. Anaweza kujivuta kwa usukani hatua mbili tatu, lakini hawezi kwenda hivyo kilometa nzima. Hapo uvivu haupo kabisa.

Akishuka na kusukuma, mambo yanabadilika. Baiskeli na mzigo ni kilo 90. Mikono yake inatakiwa kusukuma kilo 9 tu, na mwili wake anaupandisha kwa kutembea kama watu wote. Ni polepole, lakini inawezekana. Kwa hiyo baba wa yule mwanafunzi alikuwa amepiga hesabu yake vizuri bila kalamu wala karatasi.

Hata mabingwa wamesukuma. Mwaka 1910, mashindano ya Ufaransa yalipoingia kwa mara ya kwanza katika milima mirefu ya Pyrenees, Octave Lapize alishuka na kuisukuma baiskeli yake katika sehemu za mlima wa Tourmalet. Ndiye aliyeshinda mashindano ya mwaka huo. Anayemcheka kijana anayesukuma baiskeli mlimani anacheka asichokijua.

Dunia ilipokuja Kigali

Mwezi wa Septemba 2025 majirani zetu wa Rwanda walipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kuanzia tarehe 21 hadi 28. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kwa upande wa wanawake, Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda mbio za barabarani za kilometa 164 na ushei. Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilometa 267 na nusu, na milima waliyoipanda, ukiijumlisha, ilizidi mita 5,400. Walioanza walikuwa 165. Waliomaliza walikuwa 30. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeanza kuwashambulia wenzake na zaidi ya kilometa 100 zikiwa zimebaki.

Somo la kwanza la Kigali ni kwamba milima yetu haina mchezo. Watu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu, wenye madaktari na wapishi wao, walishuka kwenye baiskeli mmoja mmoja na kukaa pembeni. Pale panapoitwa Ukuta wa Kigali, kipande cha mita 400 chenye mawe na mwinamo wa asilimia 11, wapandaji wa nchi tajiri walipapanda wakiyumba.

Somo la pili liko kwenye gia. Kanuni za mashindano zinakataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo za mabingwa huwa kama kilo 7. Katika gia nyepesi ya siku hizi, mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli kama mita mbili na nusu tu, nusu ya ile ya kwetu. Bingwa wa kilo 66 kwenye mwinamo wa asilimia 11 anakanyaga kama kilo 19. Kijana wa ndizi, kwenye mwinamo mdogo zaidi, anadaiwa kilo 78. Sisemi kwamba kijana wetu angemshinda bingwa. Bingwa yule anakwenda kwa kasi ambayo binadamu wachache sana wanaiweza. Ninasema kwamba kila mmoja hupandia chombo chake, na chombo cha kijana wetu hakikutengenezwa kwa ajili ya milima.

Somo la tatu ni la kutia moyo. Rwanda haikufika pale kwa siku moja. Mashindano ya kuizunguka nchi hiyo yalianza mwaka 1988, na mwaka 2009 yakaingia katika kalenda ya kimataifa. Baadhi ya wapandaji wa mwanzo wa timu yao walitoka katika teksi za baiskeli, kazi ile ile ya kubeba watu na mizigo. Adrien Niyonshuti aliibeba bendera ya nchi yake London mwaka 2012 na kushindana katika mbio za baiskeli za milimani. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kushinda mashindano ya nyumbani tangu yawe ya kimataifa. Nguvu ilikuwepo siku zote barabarani. Kilichoongezeka ni chombo na mtu wa kuwalea.

Kudandia lori

Sasa turudi kwenye malori. Kijana aliyeuza ndizi zake anarudi na baiskeli tupu. Yeye na chombo ni kilo 85. Kuinua kilo 85 kwa mita 1,400, kwa nguvu ya wati 100 ambayo mtu mwenye afya anaweza kuishikilia kwa saa kadhaa, huchukua zaidi ya saa tatu, bila kuhesabu upepo, tairi laini na kupumzika. Nyuma ya lori linalokwenda kilometa 20 kwa saa, safari hiyo inakwisha kwa chini ya saa mbili na miguu haijachoka. Lori linampa muda, na linamwachia nguvu za kushuka tena kesho.

Hiyo ndiyo faida. Hasara yake inafaa ielezwe waziwazi, kwa sababu vijana wengi wanaiona kama bahati mbaya tu, wakati ni mambo yanayoeleweka.

Kwanza, anayedandia anaendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika chuma. Lori likitikisika dereva anapobadili gia, mkono ulioshika unavutwa, na ule wa usukani hauna wa kumsaidia.

Pili, kwenye kona, magurudumu ya nyuma ya lori hayapiti pale yalipopita ya mbele. Yanakata kona kwa ndani. Aliyeshika ubavu wa ndani anaiona njia yake ikizidi kuwa nyembamba mpaka inakwisha, kati ya tairi na ukuta wa mlima au ukingo wa bonde.

Tatu, dereva hamwoni. Vioo vya pembeni havionyeshi mtu aliye nyuma kabisa ya bodi. Dereva akifunga breki kwa sababu ya ng'ombe au gari lililoharibika, hajui kwamba amewafungia pia watu wanne au watano walioko nyuma yake.

Nne, malori hayo hayo yanaweza kukosa nguvu na kurudi nyuma. Hapo hakuna ujanja.

Na kushuka nako si mapumziko. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mtu, baiskeli na ndizi kilo 100 ni kilo 185. Nguvu ya kushusha uzito huo mita 1,400 haipotei hewani yote. Sehemu kubwa inageuka joto kwenye breki na rimu. Kama yote ingekwenda kwenye sufuria, ingetosha kuchemsha lita saba za maji baridi. Ndiyo maana mpira wa breki huyeyuka, na ndiyo maana utawaona wengine wakisugua tairi au lami kwa soli ya kandambili. Kandambili iliyokatika kilometa ya 20 haina spea.

Nani analipa?

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mama muuza ndizi sokoni, au mfanyabiashara anayenunua kwa jumla, analipa mzigo ulioteremka. Anamlipa kijana kwa kilo alizozifikisha. Safari ya kurudi haimo katika bei. Kwake yeye kazi imekwisha mkungu ulipoguswa na mizani.

Lakini kwa kijana, mlima ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu ngumu. Baiskeli haiwezi kubaki chini. Ikiwa bei inalipa mteremko peke yake, mlima lazima alipe mtu mwingine, na wa kuulipa ni yeye: kwa saa tatu za jasho, au kwa kudandia. Wengi wanachagua kudandia kwa sababu saa hizo tatu hakuna anayezinunua. Tunapokula ndizi rahisi mjini, sehemu ya urahisi huo imetoka kwenye bodi ya lori lililokuwa likikata kona.

Yaliyopo Bugarama yapo pia kwingine, ijapokuwa kwa sura tofauti. Wanaotoka Nyanza-Lac kupanda kwenda Mabanda na mpaka wa Mugina wanajua ukingo ule wa mlima unavyodai. Wenzetu wa Gatumba na Uvira, walioko kwenye tambarare ya Rusizi, hawana mlima katika hesabu zao, na ndiyo maana bei ya kubeba kilo moja kwa kilometa moja huko haiwezi kuwa kipimo cha huku juu. Anayechukua bei ya tambarare akaipeleka mlimani anamdhulumu mbebaji, hata kama hakukusudia.

Yanayowezekana

Kuna mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri mradi wala mfadhili.

La kwanza ni la fundi baiskeli. Gia ya nyuma ya meno 18 ikibadilishwa ikawekwa ya meno 22, na cheni ikaongezwa kidogo, mkanyago unapungua karibu sehemu moja ya tano. Au tuseme kwa urahisi, penye kilo 31 unabaki na kilo 25 hivi. Kilo 31 ndicho kinachodaiwa na mtu mwenye mzigo wa kilo 70 kwenye mwinamo wa asilimia 4, ambao ndio wastani wa barabara ya Bugarama. Haitamsaidia penye ukali wa asilimia 10. Huko asukume tu. Lakini katika kilometa nyingi za katikati, tofauti hiyo ndiyo inayomtenganisha anayeweza kupanda mwenyewe na anayetafuta lori kwa macho.

La pili ni breki. Baiskeli ya mteremko iwe na breki mbili zinazofanya kazi, na asimame njiani ziweze kupoa. Kusimama mara tatu kunachukua muda kidogo. Kukosa breki kunamaliza safari.

La tatu ni la wafanyabiashara, na ndilo kubwa. Pikapu na malori madogo yanayoleta viazi na kabichi mjini kutoka juu mara nyingi yanarudi matupu. Pikapu moja inaweza kupandisha baiskeli kadhaa na wenyewe wakiwa wamekaa ndani ya bodi. Wanunuzi wa jumla wachache wakikubaliana na dereva mmoja, nauli hiyo ikigawanywa kwa kila mkungu haitafika mahali pa kumtisha mteja. Vyama vya waendesha baiskeli vinaweza kulisimamia jambo hilo, na kijana akajua kabla hajashuka asubuhi kwamba mchana kuna gari la kumrudisha.

La nne ni letu walimu na wazazi. Kijana wa miaka 14 anayekosa shule siku za soko anajua vizuri bei ya ndizi, lakini hajui gurudumu la nyuma la lori linapita wapi kwenye kona. Hilo linafundishika kwa kamba na kipande cha chaki, uani, kwa dakika 20. Lifundishwe kabla hajapata baiskeli, kwa sababu akishaipata hatakuwepo darasani.

Sisi tuliorejea tulilelewa na Waswahili waliotuambia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama begani kwa mwenzako unaona mwepesi. Ndugu mfanyabiashara, siku ukipatana bei ya mzigo na kijana wa baiskeli, muulize swali moja zaidi: atarudi vipi? Jibu lake liingie kwenye bei.